Mkono wa Nne

Mtangazaji wa tamasha alimfunga mume wangu kitambaa machoni, akatupanga wanawake sita mstarini, mikono mbele.

"Haya, bwana, mtafute mkeo kwa kumshika mkono tu. Ukikosea, leo unalala nje."

Watu wakacheka. Tulikuwa tumesafiri siku mbili kuja kwenye sherehe hizi za kiangazi, tujaribu kupatana. Wazo lilikuwa langu.

Kwa wa kwanza alitikisa kichwa. Wa pili na wa tatu pia. Kisha akanishika mimi.

Kidole changu cha kati hakina ncha. Mashine ya kukatia ngozi kiwandani iliila mwaka tuliooana, na ni yeye aliyenibadilishia bandeji kila asubuhi kwa wiki sita. Dole gumba lake likafika pale penye kovu, likasimama. Likalizunguka taratibu, kama alivyozoea.

"Vipi, kaka?" mtangazaji akamuuliza.

"Huyu siye," alisema kwa utulivu. "Wangu ana mikono laini."

Akasogea kwa mwanamke wa tano. Mkono wangu ulibaki umenyooshwa.

Mtangazaji akaninong'oneza, "Mvumilie, shemeji. Haoni."