Protini Kwanza

Mkate ulikuwa bado unatoa mvuke Tani alipoutupa kwenye pipa la taka, siagi na yote. Mwoka mikate anatupa mkate. Wateja waliokuwa dirishani waligeuka kutazama. Mkewe alisimama na sahani tupu mkononi.

"Mwanamke huyu anataka kuniua," Tani aliwaambia wateja.

Hakuna aliyembishia, maana mtaa mzima ulishamchoka mke wa Tani. Mume kafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, karudi nyumbani na masharti yake, kayabandika kwenye mlango wa friji: protini kwanza, tafuna mpaka iwe uji, sukari marufuku, mkate marufuku. Mke mwenye akili zake angemsaidia. Huyu kila siku anamletea kile kile alichokatazwa. Leo mkate wa moto, kesho keki, keshokutwa chai iliyojaa sukari. Tena anajua kuchagua. Anamkatia kile kipande cha mwisho cha mkate, chenye ganda pande zote, ambacho Tani alikipenda tangu walipokuwa wachumba. Roho gani hiyo, jamani?

Watu walijijibu wenyewe: wivu. Mwanamume akipungua anapendeza, na akipendeza anatazamwa.

Na Tani alipungua kweli. Mtu ambaye tumbo lilikuwa linamtangulia mlangoni sasa alipita katikati ya magunia ya unga bila kuyagusa. Muuza magazeti wa jirani alikuwa na utani mmoja kila asubuhi: "Tani, mbona umebaki kilo?" Tani alicheka mpaka akashika meza.

Alichokazania kuliko vyote ni protini. Mtaalamu wa lishe alimweleza mapema, kabla hajaingia chumba cha upasuaji: tumbo likishakatwa linabaki kama ndizi, kwa hiyo kila tonge lazima lifanye kazi. Usipokula protini ya kutosha mwili utaanza kujila wenyewe, nywele zikatike, miguu ikose nguvu. Basi mizani iliyopima madonge ya mkate sasa ilipima kifua cha kuku. Yai alilitafuna kafumba macho. Samaki wa kuchemsha, vijiko vitatu, kashiba. Akitapika, anapumzika kidogo, anaanza upya.

"Kazi ni kazi," alisema, akijifuta mdomo.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya binti yake. Binti alikuwa anaolewa mwisho wa mwaka, na Tani aliapa kumsindikiza kwa miguu yake mwenyewe, si kwenye kiti cha magurudumu kama alivyokwenda kwenye mahafali ya binti huyo. Keki ya harusi ataioka yeye. Siku hiyo atajiruhusu kipande kimoja, kimoja tu. Alikisubiri kile kipande kama mtoto anayesubiri sikukuu.

Mkewe akaja na jipya. Harusi ifanywe mwezi ujao.

"Haraka ya nini?" Tani aliuliza. "Mwezi ujao nitakuwa sijapungua vya kutosha."

"Umepungua, baba. Kama hutaki harusi iwahi, basi oka keki leo. Tule mimi na wewe."

Tani akamgeukia binti yake. "Unamwona mama yako?"

Binti alimwona. Tangu siku hiyo, zaidi ya shikamoo, hakumwambia mama yake neno.

Hata daktari alishangaza. Tani alipokwenda kupimwa, daktari alitazama mizani, akamtazama mke, akasema, "Kula unachojisikia, mzee wangu." Tani alicheka njia nzima. Daktari mjanja huyu, alisema, alikuwa ananijaribu. Mkewe alitazama dirisha la gari mpaka nyumbani.

Kisha ndipo ukaja ule mkate wa kwenye pipa. Jioni ile ile binti alihamia jikoni, akachukua ufunguo, na mama yake akaambiwa asikanyage tena huko wala chumbani kwa mgonjwa wakati wa kula. Majirani walimsifu binti. Mtoto wa kike ndiye mtoto, walisema.

Harusi ilipokaribia, Tani hakuweza tena kuinuka bila kushikwa. Protini haitoshi, binti aliamua, akaongeza mayai.

Asubuhi moja harufu ya mkate ilipenya kutoka kwenye tanuri hadi kitandani. Tani aligeuza kichwa.

"Mwanangu, nipe kidogo tu. Kile chenye ganda."

Binti machozi yalimlenga, lakini alikaza. "Si wewe uliyeniambia nikukatalie hata ukilia? Protini kwanza, baba."

Tani akatabasamu, kajivunia mtoto aliyemlea, akafungua mdomo kupokea yai. Alilitafuna muda mrefu. Halikushuka.

Nje ya mlango mkewe alikuwa amekaa sakafuni na kile kipande mapajani, kimeshapoa. Kando yake alisimama shemeji yake, kaka mkubwa wa Tani, aliyekuwa naye hospitalini siku ya upasuaji.

"Tulikubaliana mgonjwa asijue mpaka harusi ipite," shemeji alinong'ona.

"Basi mwambie huyo mtoto peke yake, shemeji, mimi hanisikilizi. Mwambie daktari alimfungua baba yake, akakuta saratani imeshaenea kote, akamshona hivyo hivyo. Hilo tumbo hakuna aliyelikata."