Fundo la Mfupa

Nyama ilipoanza kujikunja motoni na kuachana na mfupa, niliona fundo.

Lilikuwa katikati ya mguu wa mbuzi, nene kama kokwa ya tende, mahali mfupa ulipowahi kuvunjika ukaungwa. Namjua aliyeuunga. Keinan, mume wangu, aliufunga kwa vijiti vya mgunga na kitambaa nilichokichana kwenye shuka langu mwenyewe.

Tangu hapo mbuzi yule alichechemea. Kundi likitangulia, yeye alibaki nyuma, ubavuni mwa Keinan, wala hakukubali kuachana naye. Jana jioni Keinan hakurudi kutoka malishoni.

"Mama, hiyo nyama inaungua!" askari aliita kutoka kwenye benchi. Ndiye aliyeniletea mguu huo asubuhi niwachomee, yeye na wenzake.

Nikaugeuza. "Huyu mbuzi mlimtoa wapi, afande?"

"Porini. Ni wa shifta, wale majambazi wenye bunduki."

"Na mtu wa kumchunga?"

Wakatazamana. Mmoja akacheka, akavuta bakuli la pilipili.

"Shifta hachungi, mama. Lete chumvi."

Nikaleta chumvi. Nikawanawisha mikono, maana anayekaa kula kwangu hunawishwa, hata hao. Nikawakatia. Wakala, wakasifu. Walisema Garissa nzima hakuna anayechoma nyama kama mimi.

Waliposhiba, niliwaomba ule mfupa.

"Una mbwa?" askari akauliza.

"Niko naye," nikasema.

Sina mbwa. Nyumba yetu haijawahi kufuga mbwa. Nilitaka tu kuwa na kitu cha kuzika.