Msalaba Uko Katikati

Jioni ya tisa mfululizo, Anastasia alibandika jicho kwenye bunduki ya mumewe, akadanganya.

"Msalaba wa kulengea umekaa wapi?" aliuliza Anselm.

"Katikati kabisa, Baba Serah."

Anselm aliichukua bunduki, akailaza mezani kati ya vikombe vya chai, akashika msasa na kuendelea kulainisha kitako. Unga wa mbao ukamwagikia kitambaa cha meza. Siku nyingine Anastasia angemgombeza.

Ilikuwa bunduki ya upepo tu, ya kupigia shabaha za karatasi kwenye klabu yao pale Edmonton, London. Anselm aliinunua kuukuu, na tangu mgongo umtoe kazini ghalani, hiyo ndiyo ikawa shamba lake. Aling'oa kitako cha zamani akachonga kingine. Akailegeza triga mpaka ikawa inaitika kwa kuguswa tu. Mwisho, juu ya mtutu, akafunga bomba jipya jeusi lenye mdomo wa mpira, na kila jioni akamwita mkewe achungulie.

Na kila jioni Anastasia alichungulia akaona giza.

Hakushangaa. Giza hilo alikuwa nalo tangu Pasaka. Doa jeusi lilikaa katikati ya kila kitu: alimtazama mtu akaona masikio na mabega, uso hakuuona. Kituoni alijifanya mwenye soga, apate kuuliza kama basi linalokuja ni 149. Kwa daktari wa macho hakwenda, maana alijua atakachoambiwa.

Kazi yake ilikuwa kumtunza bibi kizee mmoja, Bridget: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa. Jumanne ile alimwekea vidonge kiganjani, na bibi wa watu akavitazama, akasema, "Hivi si vya usiku, mwanangu?" Anastasia akacheka, akasingizia usingizi. Kisha akajifungia chooni na kulia. Akisema, kazi inakwisha siku hiyohiyo. Asiposema, ipo siku Bridget hatavitazama.

Lakini kumwambia Anselm ndiko kulikomshinda zaidi. Walikutana jeshini, JKT Ruvu, siku binti huyu alipomshinda kwa shabaha mbele ya kombania nzima. Miaka thelathini na tano Anselm alilisimulia hilo kwenye kila harusi: "Jamani, mimi nilipigwa na macho ya huyu!" Sasa angemwambiaje kwamba macho yenyewe ndiyo yanakwisha?

"Kitendawili," alisema Anselm bila kuinua kichwa.

"Tega."

"Nikimkosa ananung'unika, nikimpata anapiga kelele."

"Mbu."

"Mbu ukimpata ananyamaza."

"Mama yako, basi."

Anselm alicheka mpaka msasa ukamtoka. "Marehemu amekusikia huko aliko. Toa mji nikupe jibu."

"Mji sitoi. Tangu lini wewe ukanishinda?"

"Haya. Jibu utalikuta klabuni Jumamosi. Nimekuandikisha. Utapiga wewe."

Anastasia alisukuma kikombe chake pembeni. "Mimi? Mbele za watu?"

"Kitako nimekichonga kwa shavu lako. Apige nani mwingine?" Akaja kumpima tena, kiganja shavuni, taratibu mno, kama mtu anayegusa kidonda.

Jioni ya kumi akamwita. "Msalaba?"

"Katikati."

Jioni ya kumi na moja, Ijumaa, sauti yake ilikuwa kama ya kuomba. "Mama Serah, tazama vizuri. Msalaba unauona kweli?"

"Nauona, bwana! Mbona unanisumbua?"

Anselm alisukuma kiti nyuma, akatoka kibarazani, akasimama kwenye baridi bila koti. Amekasirika, Anastasia aliwaza. Amenishtukia. Anataka kesho aniumbue.

Asubuhi ya Jumamosi ukumbi wa klabu ulinuka kahawa na mafuta ya bunduki. Anastasia alikuwa ameshajipanga: atapiga ovyo, atasema bega linauma, watu watacheka, yataisha.

Msimamizi wa klabu alikuwa Alkesh, Mhindi wa Moshi aliyehamia London zamani na Kiswahili chake hakijachakaa. "Karibu, mama! Habari za Ruvu bwana huyu amenisimulia mpaka nimezikariri."

Wakamkabidhi bunduki. Kitako kikamlala shavuni kama mkono wa mtu anayemjua. Akabandika jicho kwenye mpira. Giza.

"Aa, mama, usichungulie," alisema Alkesh, akamvika hedifoni. "Wewe sikiliza."

Kitu kikaanza kunung'unika masikioni mwake. Alipousogeza mtutu kushoto, mnung'uniko ukazama. Kulia, ukapanda. Ukapanda tena, mpaka ukawa kelele moja nyembamba, na mikono yake ikaikumbuka Ruvu kabla yeye mwenyewe hajaikumbuka. Akagusa triga.

"Kumi!" Alkesh alipiga makofi. "Katikati kabisa!"

Anastasia alivua hedifoni polepole. Hakuna aliyecheka. Nyuma yake alisikia Anselm anapumua.

"Na msalaba?" alimuuliza Alkesh. "Ule wa ndani ya bomba?"

"Msalaba gani, mama? Bomba hilo wametengenezewa wasioona. Kioo halina, na msalaba halijawahi kuwa nao."

Anastasia aligeuka. Pale aliposimama mumewe, aliona masikio mawili na mabega.

"Baba Serah," alisema, "chukua mji."