Sheria ya Tulinagwe

Mbeya ya siku hizo haikuwa tena na madiwani. Mjasiriamali ambaye huduma yake ilipendwa na wengi ndiye aliyeruhusiwa kuutungia mji sheria. Tulinagwe, mmoja wa wajasiriamali hao, alitunga moja: kila aliyetimiza miaka sabini ahamie katika nyumba zake za malezi, zenye wauguzi na bustani. Watoto wa wazee hao, watu wazima wenye shughuli nyingi, waliishangilia. Mama yake mwenyewe, aliyekwisha kuvuka sabini, alibaki nyumbani, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Asubuhi moja, Tulinagwe akikaanga viazi, wahudumu wa nyumba zake za malezi walipiga hodi.

"Tumemfuata bibi," alisema mmoja kwa adabu.

Tulinagwe alicheka, akidhani wamekosea nyumba. "Huyu ni mama yangu. Hamnijui?"

"Tunakujua, bosi. Lakini sheria haichagui mama wa nani. Ulitufundisha wewe."

Mwiko ulimponyoka. Akaruka, akauziba mlango kwa mikono miwili. "Hatoki mtu hapa! Nani kawatuma?"

"Mimi," mama yake alisema nyuma yake.

Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, mfuko begani.

"Mama! Kwa nini?"

"Sekela wa nyumba ya pili alitolewa akilia, mwanangu, huku akilitaja jina lako. Nitakaaje hapa nikila viazi?"

Akaushusha mkono mmoja wa bintiye taratibu, akapita.

Tulinagwe alibaki pale mlangoni. Majirani walikuwa wametoka nje, wanatazama, na hakuna hata mmoja aliyemwambia pole.