Wapiga Kura wa Wadi Kabir

Unawajua hawa watu. Basi lao lisilo na kiyoyozi husimama ubavuni mwa gari lako kwenye taa nyekundu, vitambaa vichwani, vumbi kwenye kope, na wewe papo hapo unaanza kuchezea redio. Usiseme hukuwaona. Velayudhan alikuwa kwenye kiti cha dirishani.

Alikuwa mchomeleaji vyuma, Mhindi wa Kerala, mwaka wake wa tisa Wadi Kabir, Oman. Mwezi wa nne mwaka 2001, kwa wanaosahau upesi, alisimama mara ya tatu mbele ya Thani, karani aliyefungia pasi za kusafiria za wafanyakazi wote katika kabati la chuma, akaomba yake. Hakutaka mapumziko. Mwezi wa tano Kerala ilikuwa inachagua bunge lake, na mgombea mmoja wa kwao ndiye mwenye machimbo ya mawe juu ya nyumba ya mama yake. Mpinzani wake alikuwa ameahidi kuyafunga. Mama aliandika kwamba kila baruti ikilipuka, ufa wa ukutani unarefuka. Watu wa eneo lile katika kambi ya wafanyakazi walikuwa ishirini na watatu, yeye akiwemo, na wote walitaka kwenda kupiga kura.

Thani hakuwa mtu wa kufokea wafanyakazi. Mzaliwa wa Unguja, sauti ya taratibu, kahawa kwa kila anayeingia. Wiki ile ofisi nzima ilikula halwa yake: bintiye Mahfoudha alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari huko huko India. Akasema yeye hana neno, ila mudiri, mkuu wa kampuni, amekataa. Jengo la Darsait halijaisha, haondoki mtu.

"Mudiri si yuko London tangu Machi, mzee?" aliuliza Noel, mtunza stoo, kijana wa Bukoba.

"Nnazungumza naye kwa simu, baba. Wewe kahesabu nati zako."

Hata hivyo akaahidi kumwomba tena. Akachukua kalamu, akawaandika wote bila haraka: jina, jina la baba, jina la nyumba. Kwao Kerala nyumba ina jina lake, na mtu hutambulika kwa hilo. Velayudhan alilitaja la kwao herufi kwa herufi. Baadaye, kwa kile Kiarabu chao cha kazini, alimwambia Noel kwamba katika miaka tisa hakuna mtu Oman aliyewahi kumuuliza.

Jibu likarudi lile lile.

Siku ya matokeo Thani aliwafungulia ofisi saa ya chakula na kuwapa simu ya kampuni. Walijibana kati ya meza, Noel mlangoni. Velayudhan alimpata kaka yake. Akasikiliza, akawageukia wenzake, kisha akamtafsiria Noel: mwenye machimbo ameshinda. Kwa kura kumi na tisa.

Kila mmoja alijua mle ndani mmesimama kura ngapi.

Lakini kaka yake hakuwa amemaliza. Alisema wasijilaumu kwa kutokuja, kwa sababu wamekwishapiga kura. Wakala wa chama aliliona daftari kwa macho yake: wote ishirini na watatu wamewekwa alama kabla ya saa nne asubuhi. Walifika kituoni, wakataja jina, la baba na la nyumba bila kubabaika. Huyo Velayudhan wa kule alitiwa wino kidoleni kama kila mpiga kura, akaenda zake.

Mle ofisini wakaanza kutazama vidole vyao vya shahada, vya mkono wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotafuta jeraha. Vyote vilikuwa safi.

Tangu siku hiyo Velayudhan akawa anazima moto katikati ya kazi, anavua glavu, anakikagua kidole, anakisugua kwenye suruali. Alimwambia Noel kuna mtu anatembea kule kwao na jina lake. Amekula nalo, amelala nalo. Ikawa yeye mwenyewe analala macho wazi, akihofia huyo mtu atafika kwa mama.

Kilichofika ni kilima. Mwezi wa saba, siku ya nne ya mvua isiyokatika, baruti ilipigwa asubuhi na adhuhuri kilima kikateremka. Nyumba ilifukiwa, mama yumo ndani.

Safari hii Thani hakutaja mudiri. Alifungua kabati, akatoa pasi, akagonga muhuri barua ya ruhusa, akampeleka Velayudhan uwanja wa ndege kule Sib kwa gari lake mwenyewe. Njia nzima alilia. Velayudhan, ambaye machozi yalikuwa yamemgomea, ndiye aliyemshika bega.

"Wewe ulijaribu, arbab," alimwambia, kwa neno wanalomwitia bwana wao. "Mungu alikuona." Akauinamia mkono wake, akaubusu.

Thani akarudi ofisini. Noel alikuwa amekwenda kula. Thani akafunga mlango kwa ndani, akafungua kabati, akainua zile pasi ishirini na mbili za wenzake Velayudhan, na chini yake akatoa karatasi aliyompelekea mwenye machimbo kwa faksi mwezi wa nne, aichane. Ilikuwa na majina ishirini na matatu, na ya baba zao, na ya nyumba zao, kwa mwandiko wake mzuri. Chini kabisa alikuwa ameandika: "Hawa hawatakuja, nimehakikisha. Nakushukuru kwa nafasi ya Mahfoudha."

Nawe, pasi ya mtu uliyoificha chini ya nguo zako: inuka, kampe. Sasa hivi.