Sahani ya Mtunza Ghala

Keziya alikuwa jikoni akikata nyama ya nguruwe ya chumvi, mlango ukagongwa. Alikuwa Obedi, mtunza ghala wa jeshi. Kikosi chake kilikuwa kimesambaratika, naye miguu alikuwa ameifunga matambara.

"Mama, nisaidie chochote. Leo siku ya tatu sijatia kitu mdomoni."

Keziya alimtambua. Majira ya baridi yaliyopita mtu huyu aliingia humu na askari wanne, akachukua unga wote na ng'ombe wa maziwa, huku binti wa Keziya akiwa mgonjwa kitandani. Mtoto hakumaliza mwezi.

Alimkaribisha mezani, akampakulia maharage, nyama na mkate wa moto. Obedi aliponyoosha mkono, Keziya akaushika.

"Siku ile nilikulilia, nikakutajia jina la mwanangu mara tatu. Litaje, ndipo ule."

"Mama, ilikuwa amri tu..."

"Litaje."

Keziya akavuta kiti, akaanza kula chakula chake taratibu. Mbele ya Obedi mafuta yaliganda meupe kwenye sahani, naye akibahatisha, akinong'ona jina moja baada ya jingine.