Shimo la Ngiri

Ngiri alimiliki shimo la chumvi, na Pimbi alikuwa mchimbaji wake hodari kuliko wote. Siku moja paa la shimo lilimwangukia Pimbi, akafa. Ngiri akatangaza kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake mwenyewe.

"Mume wangu hakuwa mzembe," alisema mjane wa Pimbi. Akatembea siku mbili hadi kwenye baraza la wanyama, akadai uchunguzi. Baraza likamtuma Kakakuona, mkaguzi asiyejua haraka.

"Karibu, mzee," alisema Ngiri. "Shimo langu ni imara kabisa. Pimbi alichimba pasipotakiwa."

"Nimekusikia," alijibu Kakakuona. "Basi tangulia, ukanionyeshe alipochimba."

Ngiri akafika mlangoni, akasimama. "Tuzungumzie hapa hapa nje."

"Kwa nini?"

"Lile paa halina hata nguzo moja, mzee. Linaweza kutuangukia."

Wachimbaji wote walisikia. Kakakuona akayaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, kisha akamsomea Ngiri mwenyewe.

Baraza lililifunga shimo mpaka liwekewe nguzo. Likaamuru Ngiri awalishe watoto wa Pimbi hadi wakue, na akiri kosa lake mbele ya wote. Alipokuwa akikiri, mjane alisimama mstari wa mbele, shingo ameinyoosha.

Wanawe, waliokuwa wakificha jina la baba yao tangu aitwe mzembe, wakamwuliza kama sasa wanaweza kusema wao ni watoto wa nani.

"Semeni kwa sauti," aliwaambia. "Baba yenu alikuwa mchimbaji, na kazi yake aliijua."